Tatu kwa Tatu, kwa Kalamu Nyekundu

Mwalimu alitufundisha kwamba maneno ya mtu ukiyachukua hapa ukayapeleka kule, kila kitu kinaruhusiwa kubadilika isipokuwa jambo lenyewe. "Mimi" atageuka "yeye". "Leo" itakuwa "siku ile". "Hapa" patakuwa "pale". Zile alama mbilimbili zinazoning'inia mwanzo na mwisho wa maneno zitavuliwa, kama ndala mlangoni. Lakini jambo, alisema, jambo halibadiliki. Akagonga ubao kwa fundo la kidole mara tatu. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili, ni ugonjwa wa biashara, na kwa vile ubao hauwezi kugongwa upya kwa ajili yangu, nilizirudia zile sauti kichwani. Zilikuwa tatu.

Hii ni habari ya usemi halisi na usemi wa taarifa, kwa Kiingereza, katika kijiji kimoja cha pwani upande wa Moa, na jinsi njia yetu ya kushukia baharini ilivyofungwa na mtu aliyenifundisha tofauti ya hizo mbili.

Mwalimu alinifundisha kusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa darasa la tatu, na yeye ndiyo kwanza ametoka chuoni, ana sketi iliyopigwa pasi mpaka inakata. Mara ya pili nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu wawili, na yeye amestaafu. Kati ya mara hizo mbili nilimpa shikamoo kila siku niliyokutana naye, na kwa kuwa nyumba yake iko pale pale njia inapoanzia, nilikutana naye karibu kila siku. Sikuwahi kuzihesabu. Ni kitu kimoja kati ya vichache sana ambavyo sikuvihesabu.

Darasa la watu wazima alilianzisha mwenyewe, bure, Jumatatu na Alhamisi baada ya swala ya alasiri, kwenye chumba cha madrasa. Tulikuwa wanawake kumi na moja, wote wakulima wa mwani. Mimi nilikuwa na mwani wangu pia, kamba arobaini, lakini zaidi nilikuwa mchuuzi. Nanunua pweza na mwani mkavu kwa wenzangu, napeleka Tanga mjini, na mara moja moja navuka mpaka wa Horohoro. Kilichonipeleka darasani ni huko Horohoro. Nilipewa fomu ya Kiingereza, kijana mmoja akanijazia kwa hisani yake, na kwa hisani yake nikarudishwa nyumbani na pweza wangu, kwa sababu fomu ilisema nimebeba ngozi za ng'ombe. Nikaapa sitajaziwa tena.

Darasa lilikuwa raha. Ubao mmoja, chaki mbili, na kitabu cha zamani cha Mwalimu ambacho jalada lake lilikuwa limebaki nusu. Tulipofika sura ya usemi wa taarifa, alisema tusiogope, ni jambo tunalolifanya kila siku tukiwa chanjani, tunapogeuza mwani juani na kusimuliana habari za watu.

"Haya," akasema. "Mume wako anakwambia, 'Nina njaa.' Wewe unakuja kunieleza mimi. Utasemaje?"

Akamwelekezea chaki mama mmoja tuliyemwita mama wa kambini, kwa kuwa alizaliwa kambi ya mkonge, baba yake mkata mkonge kutoka bara, na mpaka leo, siku ya Jumapili haendi shambani hata maji yatoke mpaka Pemba.

"Nitasema ana njaa," akajibu.

"Wakati, mama. Umebadilisha wakati? Alisema lini?"

"Jana. Lakini Mwalimu, yule ana njaa jana, leo na kesho."

"Kwa Kiingereza!"

"Hata kwa Kiingereza ana njaa."

Tulicheka mpaka ustadhi akachungulia dirishani. Mwalimu naye alicheka, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nautaja mcheko ule kwa sababu nataka ijulikane kuwa nilimpenda.

Sasa njia. Haikuwa na jina wala karatasi. Ilianza barabarani, kando ya baraza ya Mwalimu, ikapita pembezoni mwa shamba la minazi la mzee mmoja, ikashuka mchangani. Hatua mia tatu na kumi na mbili. Kurudi ni mia tatu arobaini na tano, kwa sababu gunia la mwani mbichi hufupisha miguu. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali na mashamba ya mwani yanakuwa wazi, tuna saa tano tu za kufunga, kukata na kubeba. Maji yakirudi hayakuulizi kama umemaliza. Njia nyingine ipo, kupitia mikokoni: hatua elfu moja na mia mbili na ushei, tope la magoti, na mizizi inayokungoja kama watu wanaokudai. Mwanamke mwenye gunia kichwani akipita huko, safari mbili zimekula nusu ya saa zake zote.

Yule mzee alifariki. Watoto wake, waliokuwa mjini siku nyingi, wakauza shamba kwa mgeni kutoka ng'ambo aliyetaka kujenga hoteli ndogo ya vibanda. Hatukuwa na ugomvi. Mtu kauza chake. Lakini tulipoona vigingi vya uzio vimepangwa, na kigingi cha kumi na nne kimesimama katikati ya njia, tukakaa kikao.

Wanawake wakanichagua mimi niseme. "Huyu," mmoja akawaambia wenzake, "anaweza kumpunguzisha bei hata mchimba kisima aliyekwisha chimba." Na kwa kuwa mgeni hakujua Kiswahili, Mwalimu atafasiri. Hakuna aliyependekeza mtu mwingine. Ungependekeza nani?

Siku moja kabla ya kukutana na mgeni ilikuwa Jumatatu, siku ya darasa. Nilikwenda na daftari langu nikiwa nimeandika mambo matatu, kwa Kiingereza changu, na zile alama za usemi halisi juu yake. La kwanza, njia ibaki palepale. La pili, iwe wazi kila maji yanapotoka, hata alfajiri. La tatu, ayaandike hayo mawili kwa mkono wake. Nilitaka Mwalimu aone kama nimekosea. Akasoma, akatabasamu, akaniambia, "Sasa geuza. Kesho mimi nitakuwa nasimulia maneno yako. Nionyeshe nitakavyosema."

Nikakaa pale pale juu ya mkeka nikageuza. Kila sentensi ikaanza na "She said that", yaani huyo mwanamke alisema kwamba. Nilikosea neno moja, akalisahihisha. Kisha akatoa kalamu yake nyekundu, akatia vema ya kwanza, ya pili, ya tatu, na chini akaandika tatu kwa tatu, akaipigia mstari.

"Wewe ungekuwa mwalimu," aliniambia.

Nikamletea pweza. Hakuuliza bei, sikuitaja.

Mgeni alikuja saa nne asubuhi, chanjani. Mtu mwembamba, kofia ya ukindu, na karatasi kwenye mkoba wa plastiki. Mwenyekiti wa kitongoji alitukaribisha, akasema ana msiba wa kuhudhuria, akaondoka. Mgeni akapewa benchi. Mwalimu akakaa kando yake, vazi lake la Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne. Mimi niliketi juu ya beseni lililofunikwa, ili nimwangalie usoni.

"Karibu, bwana mgeni," nikaanza. "Sisi na hoteli yako hatuna neno baya. Tuna mambo matatu." Nikainua vidole vitatu, maana vidole havihitaji kufasiriwa. "La kwanza, njia yetu ibaki palepale ilipo. La pili, iwe wazi kila maji yanapotoka, hata yakitoka alfajiri. La tatu, hayo mawili uyaandike kwenye karatasi yako, kwa mkono wako. Tukikubaliana hayo, hata leo jioni tunakuja kukusaidia kuezeka."

Wenzangu wakaitikia, "Haswaa."

Mwalimu akamgeukia mgeni. Akasema: "She says they agree and they are grateful."

Nikahesabu. Maneno manane. Nikarudia kichwani, nikiyashika moja moja kama mbegu za tasbihi. Manane. Anasema wanakubali na wanashukuru. Neno "path", yaani njia, ambalo nililiandika vizuri mara mbili siku moja kabla, halikuwemo. Vidole vyangu vitatu vilikuwa bado hewani. Mgeni akaviangalia, akafikiri labda ni salamu ya kwetu, naye akanyoosha dole gumba.

Mtu ataniuliza, kwa nini hukusema palepale? Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi kuliko mara mbili. Nilikuwa na miezi saba ya Kiingereza, yeye ana miaka zaidi ya thelathini. Ukiona hesabu ya fundi haikubaliani na yako, kwanza unajishuku mwenyewe. Nilifikiri labda kuna maneno ya Kiingereza yanayobeba mengi kwa ndani, kama boga. Na kulikuwa na zile vema tatu nyekundu. Mtu aliyeyasahihisha maneno yangu jana hawezi leo kuyasahau.

Mgeni akachukua kalamu, akaandika mistari miwili chini ya karatasi yake, mwandiko wa kuunganishaunganisha ambao macho yangu yaliteleza juu yake. Mwalimu akausoma kimoyomoyo.

"Ameandika," akatuambia. "Yote matatu."

"Mistari miwili, Mwalimu?"

"Kiingereza ni kifupi, mwanangu. Tia sahihi, watu wako juani."

Nikatia sahihi.

Siku ya kumi na tisa baada ya sahihi ile, bamvua lilipofika, tulikuta waya umepita juu ya njia. Upande wa pili alisimama mlinzi, kijana mpole wa Mwera, kule Pangani, aliyetuamkia kwanza kabla ya kutuzuia.

"Shikamooni mama zangu. Hapa hapapiti mtu."

"Tuna karatasi," nikamwambia, nikaitoa nakala aliyotupa mgeni kwenye mfuko.

Akaisoma, akakuna shingo. "Mama, karatasi hii ndiyo inayosema msipite."

"Soma."

"Imeandikwa: wanawake wa mwani wamekubali kwa hiari yao kutumia njia ya mikokoni."

"Soma tena."

Akasoma tena. Ilikuwa vilevile.

Wenzangu kumi walikuwa nyuma yangu na magunia matupu. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini, mbaya kuliko kelele, "Sahihi ya nani hiyo hapo chini?"

"Yangu."

"Na wewe ndiye wa kwanza darasani."

"Mwalimu alituambia imeandikwa—"

"Mwalimu hakutia sahihi," akasema mwingine. "Wewe umetia. Mjuzi wa kupatana! Umepatana nini? Wamekupa kazi ya kuwauzia pweza, sema tu tujue."

Tukaenda kwa Mwalimu wote, na waya uko nyuma yetu. Akatoka barazani. Akasikiliza. Nilimtazama usoni nikingoja aseme, na wallahi nilikuwa nimeshamsamehe nusu, nikidhani alikosea. Akasema, "Mimi jamani nilikuwa mdomo tu. Mdomo hauna sahihi." Akaangalia upande wa minazi, hakuniangalia mimi.

Bamvua lile na lililofuata tulipita mikokoni. Mama wa kambini aliteguka kifundo cha mguu, akarudi nyumbani anaburuta gunia kama mtoto mkaidi. Wanawake wawili waliacha kamba zao zikaliwa na samaki, hawakuziwahi. Chanjani nilikuwa nikifika, habari zinakatika. Nilikuwa nimegeuka kuwa habari yenyewe.

Nikaenda kwa Mwalimu peke yangu, asubuhi moja, na daftari ndani ya kanga. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda."

"Nimekuja na zoezi."

Nikalifungua mbele yake, juu ya ukingo wa ungo. Akaziona vema zake. Akaondoa chenga moja, akaitupa uani, kuku akaiwahi.

"Zoezi ni zoezi," akasema.

"Siku ile, mbele ya mgeni, nilisema mangapi?"

"Ulisema vizuri sana."

"Nauliza mangapi."

Akapepeta. "Binti yangu," akasema, "ana cheti cha hoteli. Amekaa nacho miaka minne, kakibandika ukutani kama picha ya marehemu. Huyu mgeni siku ya kwanza kabisa alinikuta hapa barazani, akaniuliza kama namjua msichana wa kupokea wageni. Mimi ndiye mtu wa kwanza kuzungumza naye kijijini. Ningempelekea mambo yako matatu, angefunga mkoba wake akaenda kujenga Pangani."

"Alikwambia hivyo?"

Mchele ukatulia.

"Sikungoja aniambie."

"Kwa hiyo hakusema."

"Watu hawa nawajua."

"Na sisi je? Mikokoni?"

Hapo ndipo aliponiangalia, kwa upole kabisa, macho yale yale ya darasa la tatu. "Ninyi mtazoea," akasema. "Mangapi mmeshayazoea?"

Nilifunga daftari. Nimesikia maneno makali sokoni, nimeitwa kila kitu kinachotambaa na kinachoruka, nikacheka nikaendelea kupima. Haya hayakuwa makali. Alikuwa amepiga hesabu yake kabla ya siku ile ya mgeni, akaniweka upande mmoja na binti yake upande wa pili, akaona mimi nitazoea. Na siku moja kabla alikuwa amenipa tatu kwa tatu, ili nisishtuke.

Sikulia. Nilikwenda nyumbani, nikafanya mazoezi. Nilizisoma zile sentensi tatu kwa sauti mbele ya mbuzi, mara nyingi, mpaka mbuzi akahama. Nilichagua zile za usemi halisi, zenye "we", sisi. Sikuona tena sababu ya kuwa "she".

Hoteli ilikuwa vibanda vitatu na meza ya mapokezi yenye maua ya plastiki. Nyuma ya meza, binti wa Mwalimu, blauzi nyeupe, kidani kidogo. Huyu nilimbeba mgongoni mama yake alipokuwa anasahihisha mitihani.

"Shikamoo mama mdogo," akasema, na kicheko chake kikaishia njiani.

"Marahaba. Niitie bosi wako."

"Nikusaidie kufasiri?"

"Hapana mwanangu. Wewe niitie tu."

Mgeni akaja, mikono ina rangi ya mbao. Nikafungua daftari nikasoma. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini nilifika ng'ambo. Nilipomaliza akaomba aone. Akasoma polepole, midomo inacheza, na hapo nikagundua kitu ambacho kingenisaidia kukijua mapema: Kiingereza hakikuwa chake pia. Naye alikisomea. Maneno yake yalikuja moja moja, kila moja limevaa viatu, na kwa sababu hiyo nilimwelewa karibu yote. Alisema kwamba aliambiwa tumekubali. Alisema kwamba yeye ndiye aliyeuliza kama tungetaka kubakiza njia, tangu siku ya kwanza, na akaambiwa hatuihitaji, tunapenda mikokoni.

Tunapenda mikokoni.

Akaweka kidole juu ya vema nyekundu, akauliza ni nani aliyesahihisha. Nikasema, mwalimu wangu. Akauliza, ni yule yule aliyefasiri? Binti alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu, ameshika kalamu ya mapokezi kwa mikono miwili. Aliujua mwandiko wa mama yake kabla yangu. Nikamwangalia, nikaona cheti kile kinarudi ukutani.

Nikasema ndiyo. Neno moja. Kiingereza ni kifupi.

Mgeni akachukua kalamu, akaandika chini ya zile alama nyekundu, ndani ya daftari langu, kwa herufi za kutenganisha kwa sababu nilimwomba. Njia ibaki palepale. Iwe wazi maji yakitoka. Akataka kutia sahihi. Nikainua vidole vitatu. Akacheka, safari hii akijua anachekea nini, akaongeza mstari wa tatu kwamba ameandika haya kwa mkono wake mwenyewe, akatia sahihi. Nilihesabu mistari. Nikahesabu tena, naye akiningoja.

Kabla ya kutoka nilimwambia kwamba binti hana kosa. Hilo halikuwemo kwenye daftari, kwa hiyo sijui lilitoka na makosa mangapi, lakini mpaka leo binti yupo pale na kidani chake.

Siku ya nne waya ukakatwa, pakawekwa geti la fito lisilo na kufuli.

Nilijua bamvua likifika nitakwenda mbele ya wenzangu na daftari wazi, nitaonyesha, na neno litaisha. Nilifika getini nikawakuta wameshafika, wana vigelegele. Katikati yao, ametoka barazani kwake hatua chache tu, Mwalimu, kanga begani, anapokea mikono.

"Mwalimu katurudishia njia!" mmoja akaniambia, akisahau kwamba alikuwa haongei nami. "Amekwenda mwenyewe kumbembeleza mgeni, kwa Kiingereza chake kile."

"Nani kasema?"

"Mwalimu mwenyewe kasema."

Nikamtazama Mwalimu. Akanitazama. Hakuona haya wala hakutisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka anayeomba jambo dogo.

Nikalitoa daftari. "Mimi ndiye niliyekwenda," nikasema. "Hapa. Hii hapa sahihi ya mgeni."

Mama wa kambini, na mguu wake bado umefungwa kitambaa, akalipokea, akalishika mbali kidogo na macho. Wengine wakamzunguka. Hawakuangalia sahihi. Waliangalia rangi.

"Si hii kalamu ya Mwalimu?" akasema. "Nyekundu hii? Tatu kwa tatu. Kumbe ndiye aliyekuandikia!"

"Aliyasahihisha. Maneno ni yangu. Ni kabla ya—"

"Basi ulimpelekea mgeni barua ya Mwalimu," akasema mwingine, kwa wema. Nilikuwa nasamehewa. "Umefanya vizuri, wewe nawe. Ulitukosea, umetengeneza. Yamekwisha."

Nilieleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwanamke anayemwonea mwalimu wake wivu. Maji yalikuwa yanatoka, magunia yanangoja, na mtu wa biashara anajua bidhaa isiyouzika. Nikanyamaza. Mama wa kambini akanirudishia daftari, akaninong'oneza, "Njia si imefunguka? Twende bwana."

Tukaenda. Hatua mia tatu na kumi na sita. Geti limeongeza nne.

Darasa linaendelea Jumatatu na Alhamisi, mimi siendi. Nasikia wamefika mbali. Nasikia pia kwamba sura ile ya usemi wa taarifa huwafundisha wapya kwa mfano wa njia yetu: Mwalimu alimwambia mgeni kwamba. Binti yake huniamkia kila siku kutoka nyuma ya maua ya plastiki, na baada ya kuniamkia hutazama chini, kwa hiyo, ukimtoa Mwalimu na mgeni, tupo wawili tunaojua.

Daftari nimelifunga kwa nailoni nikaliweka chini ya godoro. Mara nyingi nimetaka kuuchana ule ukurasa. Lakini mgeni aliandika chini ya zile vema, karatasi moja, na njia haina karatasi nyingine. Siku wakija watu wapya na waya mpya, hicho ndicho tutakachowaonyesha. Kwa hiyo nalala juu ya mwandiko wa Mwalimu. Na kila nikishuka baharini napita barazani kwake, yeye yupo na ungo wake, nami nasema shikamoo, naye anajibu marahaba. Hizi ninazihesabu.